Moyo Unaoharibikia Kooni



Liko neno linalorudiwa kwenye matanga ya watoto, nasi tunalipinga waziwazi: «Mtoto alikuwa na moyo mbaya, Mungu amempenda kuliko sisi.» Wanaolisema wana nia njema, wanatafuta kumtuliza mama. Hata hivyo wanamsingizia Mungu jambo ambalo mara nyingi lilianzia kooni, likakomaa kwa miaka mbele ya macho ya watu wazima, na lingaliweza kuzuiliwa kwa sindano.

Hatusemi juu ya kila ugonjwa wa moyo. Wako watoto wanaozaliwa moyo ukiwa na tundu, na hao ni kazi ya daktari wa upasuaji. Tunasema juu ya ule unaoletwa na homa ya rumatizimu, unaoshika hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya vijidudu viitwavyo streptokoki. Koo linapoa lenyewe, na nyumbani watu wanasahau. Baada ya wiki mbili au tatu goti linavimba, kisha kiwiko, maumivu yakihama kutoka kiungo hata kiungo. Askari wa mwili, waliojifunza kupigana na vijidudu, sasa wanaushambulia mwili wenyewe. Viungo vitapona. Lakini vilango vya moyo, vile vinavyofungua na kufunga njia ya damu, vinaweza kubaki na makovu, na kila homa mpya huongeza kovu. Mtoto aliyekuwa akikimbilia mpira anaanza kuhema akipanda mlima wa kwenda shuleni. Mwishowe analala akiwa ameketi, maana akijinyoosha pumzi inakata. Hapo ndipo jamaa wanapoanza kumtafuta mchawi.

Kabla ya mchawi ulikuwapo wembe. Katika vijiji vyetu, mtoto anayeumwa koo mara kwa mara hupelekwa kukatwa kilimi. Kilimi kina kosa gani? Kukikata hakuondoi vijidudu. Kunamwaga damu ya mtoto na kumfungulia mlango wa maradhi mengine, wakati sindano moja ya penisilini, au vidonge vyake kwa siku 10, ingalitosha.

Wengine wanatuambia ni bahati mbaya tu. Bahati gani hiyo inayojua nyumba za maskini? Uchunguzi wa wanafunzi wa Kinshasa uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta ugonjwa huu kwa watoto kama 14 katika kila 1000. Katika mitaa ya maskini walikuwa 22, katika mitaa iliyopangwa vizuri 4. Vijidudu hivi hupenda chumba kimoja wanamolala watu wanane. Hata Ulaya ilizika watoto wake kwa ugonjwa huu, mpaka nyumba zilipopata nafasi na penisilini ilipofika.

Tutazame kwa jirani. Kaskazini ya Uganda, waganga waliwachukua watoto 818 ambao chombo cha kupiga picha ya moyo kilionyesha dalili za mwanzo tu. Nusu walidungwa penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2, nusu hawakudungwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: kati ya watoto 399 waliodungwa, ugonjwa ulizidi kwa 3, kati ya 400 wasiodungwa, kwa 33. Na dawa hiyo si ya jana, inatumika tangu miaka ya 1950! Mwaka 2018 mataifa yalipitisha azimio juu ya ugonjwa huu katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, na nchi yetu ni mwanachama. Azimio halidungi mtu, ikiwa kabati la kituo cha afya ni tupu.

Basi wanasema: «Tuchange, tumpeleke India.» Aliyekwisha fika hapo na apelekwe, hatuzuii mchango wa mtu. Lakini anayewekewa kilango cha chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda kila siku hata kufa kwake, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara. Itapimwa wapi, kijijini? Na akiwa msichana, akaolewa, akapata mimba, dawa hiyo hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hayo hayatangazwi siku ya kukusanya sadaka.

Sindano ya wiki nne inauma kweli, tusiwadanganye wadogo. Mtoto anayeujua uchungu wake hujificha siku ikifika, na mama aliyetembea saa mbili akakuta dawa imekwisha hatarudi upesi. Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kila kundi la vijana la parokia liwajue watoto wa mtaa walioandikiwa sindano hiyo, na mmoja wenu amsindikize kila mmoja siku yake, mwezi baada ya mwezi, hata baada ya yeye kuonekana mzima, mpaka daktari aseme basi. Tena wakubwa wa kundi waende kwa mwenye kuongoza kituo cha afya wamwulize kwa heshima: penisilini hiyo ipo? Kama haipo, imekosekana tangu lini, na barua ya kuiomba ilipelekwa kwa nani?