Fahali Aliyechinjwa Mapema

Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Lakini katika kisa hiki fahali alikuwa mmoja tu. Yule mwingine alikuwa jogoo, na jogoo ndiye aliyeshinda!

Ndugu wasomaji, mtanisamehe nikiurudia mjadala wetu wa muhula uliopita, pale mwenzetu mmoja aliposimama akasema, "KPU kilikuwa chama cha Wajaluo, basi," akaketi. Makofi yakapigwa. Mimi nilinyamaza, na tangu siku hiyo najilaumu.

Kenya People's Union kilizaliwa mwaka wa 1966, baada ya mkutano wa KANU kule Limuru kumpokonya Jaramogi Oginga Odinga nguvu zake chamani, naye akajiuzulu umakamu wa Rais. Alama yao ilikuwa fahali. Na naibu wa Jaramogi alikuwa nani? Bildad Kaggia, Mbunge wa Kandara! Kandara hii ya hapo juu tu, ambayo matatu zake tunazipandia hapa Thika. Kaggia alihukumiwa Kapenguria pamoja na Mzee Kenyatta. Baada ya uhuru akagombana na serikali kwa kudai kuwa wasio na ardhi wapewe mashamba ya walowezi bure, wasiuziwe. Je, huo nao ni Ujaluo?

Guka wangu alikuwa kibarua wa kahawa Ruiru miaka hiyo. Anasema walimtaja Kaggia kwa sauti ya chini, jioni, nyapara akishaenda zake. Hadi leo nikimwuliza habari za KPU, kwanza hutazama mlango. Kahawa yenyewe iling'olewa kitambo, pakakatwa ploti, pakaota maghorofa. Guka hana hata ploti moja.

Sasa tazameni jinsi fahali alivyochinjwa. Aprili 1966 Bunge lilibadilisha Katiba haraka haraka ili waliohama KANU warudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni viti vilikuwa 29. KPU ilipata 9 tu, ingawa kwa jumla kura zake zilizidi za KANU. Kaggia mwenyewe akaanguka Kandara. Ukaja uchaguzi wa mabaraza wa 1968, na fomu za wagombea wa KPU zikatupwa zote, eti zilijazwa vibaya. Zote jamani! Ni mtihani gani huo ambao darasa zima la upande mmoja linapata sufuri? Mwaka uo huo Kaggia akafungwa kwa kuhutubia mkutano usio na kibali. Oktoba 1969, baada ya watu kupigwa risasi Kisumu siku ya kufunguliwa hospitali, KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Sikatai kwamba viti vingi walivipata Nyanza. Pia najua Kaggia alikuwa amekwisha kurudi KANU kabla ya mwaka huo kwisha, na hilo linaniuma. Lakini mtu akifungiwa milango yote ya mji akabaki kwao, si haki kumcheka eti hapendi kutembea.

Kwa hiyo nimemwomba mlezi wa chama chetu turudie mjadala huo muhula ujao, na yule mwenzetu awe msemaji wa kwanza. Guka naye amekubali kuja, mradi apewe kiti karibu na mlango.