Masomo ya Ng'ambo na Mwenzi Anayebaki



Barua za udahili kutoka vyuo vya ng'ambo zinapoanza kuwafikia vijana wetu wa Mtwara, Mikindani na Msimbati, hurudi ofisini kwetu swali lile lile: aliyefunga ndoa aende na mwenzi wake, au amwache? Mara nyingi ukoo umekwisha kulijibu kabla halijatufikia. Mke abaki, alee watoto na kuangalia mikorosho. Miaka miwili si mingi.

Jibu hilo hatulikubali, angalau si kwa wepesi linavyotolewa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1151, inawapa wanandoa haki na wajibu wa kuishi pamoja, isipokuwa pawepo sababu halali. Naye Mtume Paulo, katika sura ya saba ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anawaruhusu kuachana faragha kwa kitambo, lakini kwa mapatano ya wote wawili. Ya wote wawili, si ya mume na baba zake wadogo. Tena alikuwa akifikiria muda wa sala, si shahada ya uzamili. (Mtatuuliza padre asiye na mke ameyajuaje haya. Ameyajua kwa kuwasikiliza waliobaki.)

Pwani yetu inafahamu gharama ya kubaki. Enzi za ukoloni wanaume wengi walitoka kusini huku, wengine wakivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakaenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Waliitwa manamba. Waliaga kwa muda mfupi, na wako ambao hawakurudi kamwe. Wake zao hawakuwa wajane, wala hawakuwa na waume. Shahada ni jambo la heshima kuliko mkonge, lakini kwa anayelala peke yake Msangamkuu tofauti hiyo ni ndogo.

Ni kweli, milango imebanwa. Tangu Januari 2024 Uingereza inawaruhusu kuja na wenzi wao wanafunzi wa shahada za juu za utafiti na wale wanaofadhiliwa na serikali. Shahada ya uzamili ya kawaida ya mwaka mmoja haimo. Kanada nayo, Januari 2025, ilipunguza vibali vya kazi kwa wenzi wa wanafunzi, ikabakiza hasa wale wa uzamivu na wa uzamili wa miezi 16 au zaidi. Kwa sheria ya Marekani, mwenzi mwenye viza ya F-2 haruhusiwi kuajiriwa. Mwalimu anayeacha ajira yake hapa ili akakae chumbani akitazama theluji anastahili kuambiwa hayo kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Basi nchi na kozi zichaguliwe na watu wawili, kwa kuwa wote wawili ndio watakaozilipia.

Liko jambo jingine. Ubalozi hauulizi mapenzi, unauliza cheti. Hapo ndipo wanapotujia watu walioishi pamoja miaka sita bila sakramenti, wakitaka ndoa ifungwe Jumamosi hii. Tunafurahi kuwapokea, ila Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai taarifa ya siku 21, na Kanisa linadai mafundisho na matangazo. Hatutaviruka kwa ajili ya viza, hata wakituona wakaidi.

Kinachotusikitisha zaidi ni fedha. Jumuiya zetu huchangia harusi kwa mamilioni: ukumbi, matarumbeta, keki ya ghorofa tano. Wanandoa wale wale wakihitaji nauli ya mmoja wao ili wasitengane, kadi za michango hazionekani. Tunapendekeza kamati za harusi zitenge sehemu ya michango kwa safari za namna hii. Keki ya ghorofa mbili inatosha.

Wachumba tunawashauri vingine. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 akimwacha Maria akiwa mchumba, akarejea 1952, wakafunga ndoa Januari 1953. Mchumba anaweza kungoja. Hajaahidi bado kuwa mwili mmoja. Kuoa haraka wiki mbili kabla ya ndege, kisha kuondoka, ni kumfunga mtu na kumwacha gatini.

Wenye barua za udahili mikononi waje ofisini Jumanne au Alhamisi, mume na mke pamoja, kabla ya kulipa ada ya kwanza.