Marehemu Naye Anadai Ukweli



Vijana wetu wa Karatu wanaoongoza wageni kwenda Ngorongoro huulizwa mara nyingi habari za filamu. Wakiulizwa juu ya Hatari! ya mwaka 1962, ambayo John Wayne aliicheza katika nyanda hizi za kaskazini, jibu ni jepesi: ile ni hadithi ya kubuni, wala haimsingizii mtu. Juma hili natamani tutafakari filamu za namna nyingine, zile zinazosimulia uhalifu wa zamani kwa kutumia majina halisi ya watu mashuhuri.

Mfano upo kwa jirani zetu wa Kenya. Tarehe 24 Januari 1941, Lord Erroll alikutwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake, karibu na Karen, nje kidogo ya Nairobi. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe Diana alikuwa na uhusiano na marehemu, alishtakiwa kwa mauaji. Wakili wake, Harry Morris, aliupinga ushahidi wa risasi, na mwezi Julai mwaka huohuo mshtakiwa akaachiwa huru.

Mwaka 1987 ilitolewa filamu White Mischief, iliyoongozwa na Michael Radford. Humo Broughton anajipiga risasi hukohuko Kenya, mbele ya mkewe. Kweli ni kwamba alifariki Desemba 1942 huko Liverpool, Uingereza, baada ya kujidunga mofini kupita kiasi hotelini.

Mtu atasema: kifo ni kifo, na msanii ana ruhusa ya kufupisha. Nakubali kwamba anaweza kubuni mazungumzo, kuunganisha siku mbili kuwa moja, hata kukosea rangi ya gari. Lakini hapa kilichobadilishwa si pambo. Kati ya hukumu na kifo kilipita zaidi ya mwaka mmoja, na bahari ikawa katikati. Ukiuondoa muda huo na umbali huo, ukamwua mtu kwa bunduki palepale penye kisa, mtazamaji husoma kifo hicho kama ungamo. Hatia ambayo mahakama haikuithibitisha inatolewa gizani, mbele ya kioo, na mhukumiwa hana rufaa.

Huenda Broughton aliua, huenda hakuua. Shaka hiyo ndiyo historia yenyewe, na mwenye kuifuta hupotosha. Amri ya nane, inayotukataza kumshuhudia jirani uongo, haikomi kaburini.

Nasi tusiwanyoshee vidole watu wa mbali tu. Katika mabanda yetu ya video, msimuliaji huitia filamu ya kigeni maneno yake ya Kiswahili, na kosa la kwanza huzaa la pili. Kijana akitoka pale, huamini ameona historia.

Kanuni yangu ni fupi. Anayetaka uhuru wa kubuni, na abuni na jina pia. Anayelishika jina la mtu aliyeishi, na ashike pia mambo yaliyoamua heshima yake: alishtakiwa kwa nini, alihukumiwaje, alikufaje. Nanyi viongozi wa wageni, mgeni akiwauliza nani alimwua Erroll, msione haya kumjibu kwamba mahakama haikumpata mwuaji.