Mdogo wako naye anahitaji mechi ya pili

Pita steji ya Ahero saa kumi na moja jioni, utawakuta vijana wamejaa kwenye kibanda cha pleisteni. Mbao moja, mechi moja. Ukifungwa, unatafuta mbao nyingine unarudi. Hakuna anayekuita mjinga.

Sasa nikuulize: darasa la sayansi lilikupa nafasi ngapi za kukosea?

Mimi ameta niliigusa mara ya kwanza siku ya KCSE, karatasi ya tatu ya fizikia. Nikaunganisha waya kinyume, mshale ukarudi nyuma ya sifuri, nikaganda. Pale hakuna mbao ya kuanza upya. Chuo nacho niliacha baadaye, lakini usinihurumie, nisikilize tu.

Kuna kitu kinaitwa PhET, cha Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Kilianzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Ni bure, na ukishapakua faili, bando huhitaji tena. Unajenga saketi kwenye skrini: betri, waya, balbu. Ukiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, betri inashika moto. Unacheka, unajiuliza mbona, unarekebisha. Hapo ndipo umesoma. Hata kusawazisha milinganyo ya kemia kuna gemu yake, na alama unapewa.

Najua utasema simu zitawapoteza watoto. Sijasema kila mtoto aje na simu. Kompyuta moja na projekta zinatosha: mmoja anaunganisha, wengine wanabishana.

Tena fikiria hili. Tangu 2023, sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, na nyingi hazina maabara. Shule hizo hizo ndizo serikali ilianza kuzipelekea tableti mwaka 2016, kwa ajili ya darasa la kwanza. Ukienda mkutano wa wazazi, uliza ziko wapi. Kama bado zinawaka, zinafanya nini kabatini?

Gemu si maabara, tuelewane. Haina harufu ya amonia wala haikuchomi vidole. Maabara tuendelee kuzidai. Lakini mtoto aliyekosea mara ishirini kwenye skrini hataganda siku atakaposhika ameta yenyewe.

Sisi tulifungwa mara moja tukatolewa uwanjani. Mdogo wako asitolewe hivyo.