Pikapu yangu inanila kiasi gani?

Haya wasomaji, leo si mambo ya hifadhidata. Jumamosi mke wangu aliniuliza swali dogo: "Baba Wanja, hili gari linatugharimu ngapi kwa mwezi?" Nikajibu haraka, "Mafuta elfu 25." Akacheka. Mimi ninayelipwa kuwaambia wateja kwamba bei ya kununua programu ni sehemu ndogo tu, kazi ni kuitunza, nilikuwa sijawahi kupiga hesabu ya chombo kilichoegeshwa mlangoni pangu.

Wamarekani wakisema pikapu kubwa humaanisha kitu kama Ford F-150. Hapa Kenya gari la usukani wa kushoto halisajiliwi ila kwa ruhusa maalum, kwa hiyo kubwa yetu ni Hilux au D-Max ya dabo kebini. Yangu niliinunua mitumba katikati ya 2023 kwa milioni 2.4. Laki 6 zilikuwa zangu, milioni 1.8 nikakopa kwenye sako, riba asilimia 1 kwa mwezi, miaka 4.

Wengi hulalamikia mafuta, na si bure. Mwaka huohuo ushuru wa VAT kwa mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na bei za Septemba zilipotangazwa dizeli Nairobi ikafika shilingi 200.99. Lakini kutoka Matasia hadi kazini na kurudi ni kama kilomita 60. Pikapu inakunywa lita 6, kigari kidogo kingekunywa lita 4. Tofauti haifiki elfu 10 kwa mwezi. Mwizi si huyo.

Nilifungua jedwali. Muuza magari ameniambia leo atatoa milioni 1.9, yaani laki 5 zimeyeyuka kwa miaka miwili, karibu 20,800 kila mwezi. Riba niliyokwisha lipa ni kama 344,000, yaani 14,350 kwa mwezi. Bima kubwa, 8,000. Matairi manne yaliyoliwa na mawe ya barabara yetu, servisi, shoki na bushi: 10,450. Ongeza mafuta. Jumla inapita elfu 78 kila mwezi! Hesabu ileile kwa kigari kidogo inanipa elfu 40 hivi.

Sasa swali la pili, ambalo mwenye pikapu hapendi kuulizwa: umebeba nini? Nilipekua risiti na ujumbe wa M-Pesa. Siku nilizobeba kitu kisichoingia kwenye kigari (mchanga, saruji, nyasi za ng'ombe, tangi la maji, kitanda cha shemeji) ni 31 katika miaka miwili. Gawanya ile tofauti: kila safari imenigharimu karibu shilingi elfu 30. Kijana wa pikapu pale Kiserian hunidai 3,500, na yeye ndiye anayepakia.

Najua mtakachosema, kwa sababu nami nilikisema: na matope je? Kweli, mvua za Aprili na Mei 2024 zilipoharibu barabara kote nchini, kipande chetu cha kilomita 2 hakikupitika kwa magari madogo. Usiku mmoja jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa, tukampeleka Ngong kwa hii pikapu, mumewe akisukuma mara mbili. Mtoto anatembea sasa. Nilijaribu kumtafutia safu kwenye jedwali nikashindwa, na sitaki kujifanya nimeweza.

Lakini niliona pia kwamba pikapu haikununuliwa kwa ajili ya jirani. Niliinunua kwa sababu nilipojenga huku kila mwanamume mwenye ploti alikuwa nayo, na kwenye lango la harusi askari hukupigia saluti. Hilo lina bei, nami nimelilipa.

Nikiuza milioni 1.9, nikamaliza deni la sako lililobaki kama milioni 1, nabaki na karibu laki 9. Kigari kilichoinuka kidogo nitapata bila mkopo. Nimekubaliana na mke wangu: tunauza kabla ya mvua za Novemba. Kijana wa Kiserian nimemuuliza kama anaitikia simu saa nane za usiku. Amesema anaitikia, ila bei ni mara mbili. Jirani naye nimempa hiyo namba.