Moto wa Mabua Hauivishi Maharagwe

Mwezi Juni mwaka 2024 vijana wa Kenya walitoa somo ambalo viongozi wa Afrika Mashariki nzima hawana budi kulitia maanani. Bila chama, bila mwenyekiti na bila jukwaa, walikutana katika intaneti, wakausoma Mswada wa Fedha kifungu baada ya kifungu, wakautafsiri kwa lugha za makwao, na kuueleza kupitia TikTok na X kwa watu ambao hawajapata kamwe kuushika mswada wa Serikali mkononi.

Hapo ndipo mama muuza mkate alipofahamu kuwa ilikusudiwa mkate utozwe ushuru wa asilimia 16, na mwenye gari kuwa angetozwa kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake. Juni 18, maandamano yalipoanza, mapendekezo hayo mawili yaliondolewa. Juni 25 Bunge liliupitisha mswada uliosalia kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia ndani ya majengo ya Bunge. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Yote hayo yalitukia kwa muda wa siku nane.

Ushindi huo haukupatikana bure. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliripoti Julai 1 kwamba watu 39 walikuwa wamekwisha kufa, na idadi hiyo iliongezeka baadaye. Twawaombea marehemu hao mapumziko mema. Hata hivyo, heshima tunayowiwa nao ni kujiuliza swali lisilopendeza: je, kilichopatikana kwa damu yao kimelindwa?

Kwa maoni yetu, hakikulindwa vya kutosha. Desemba 11 mwaka huo huo Rais alitia saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi, na ndani yake yalirudi baadhi ya mapendekezo yaliyokuwamo katika mswada uliokataliwa. Safari hii barabara hazikujaa. Kadhalika, Tume ya Uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025. Tume hiyo ndiyo isimamiayo kura, lakini upungufu wake haukuwatoa watu majumbani kama ulivyowatoa ushuru wa mkate.

Sababu haiko mbali. Intaneti huwaka kama mabua: upesi, kwa mwanga mkubwa, na huzimika upesi vile vile. Leo watu wote wazungumzia mswada. Wiki ijayo wote wamekwisha hamia jambo jingine. Chama cha wafanyakazi au cha ushirika huwa na karani, daftari na wanachama wanaojuana. Aliyetumwa mkutanoni mwezi huu huulizwa mwezi ujao amefikia wapi. Umati usio na kiongozi una faida yake, maana hakuna wa kuhongwa wala wa kutiwa ndani ili wote wanyamaze. Lakini pia hakuna wa kuketi mezani kwa niaba yao, wala wa kukumbusha ahadi iliyosahauliwa.

Wakuu wa Serikali wasiufurahie udhaifu huo. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha; kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Tumeona pia majirani wakichagua njia nyingine: Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikafanya hivyo katika uchaguzi wa Oktoba 2025. Kumziba mgonjwa kinywa hakumwondolei maumivu. Serikali inayotaka utulivu haina budi kuwasikiliza watu kabla ya mswada kupigiwa kura, wala isingoje mpaka moto ufike mlangoni.

Kwa vijana wetu twasema hivi: uhodari wenu hauna shaka, na simu zenu msiziweke chini. Lakini maharagwe huiva kwa kuni. Jiandikisheni kupiga kura kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Hudhurieni vikao vya bajeti za kaunti, hata vile ambavyo havina wa kuvipiga picha. Undeni vikundi vya mtaa vyenye daftari na zamu, kila kikundi kikimfuatilia mbunge wake kura kwa kura mwaka mzima. Mliweza kuusoma mswada mmoja wakati nchi nzima inawatazama. Sasa someni na ule utakaoletwa Desemba, wakati watu wamekwenda likizo.