Paneli za Sola Kwenye Paa la Pamoja: Sheria Zasemaje?

Kanuni za kawi zilizochapishwa mwaka 2024 zinampa mwenye paneli za sola nyumbani nafasi ya kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi na kupunguziwa bili. Kwa kila uniti mbili anazopeleka, anarudishiwa moja. Msingi wake ni kifungu cha 162 cha Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, kinachomruhusu mteja anayemiliki mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba wa aina hiyo.

Mwenye nyumba yake katika kiwanja chake anaweza kwenda moja kwa moja kwa kampuni ya umeme. Kwa maelfu ya wananchi wanaoishi katika majumba ya ghorofa na mitaa yenye lango moja, kuna swali linalotangulia ombi hilo: paa ni la nani?

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo na kuifuta ile ya 1987, inatenganisha sehemu ya mtu binafsi na mali ya pamoja. Kisichokuwa ndani ya sehemu ya mtu ni cha wote, na paa la ghorofa kwa kawaida huangukia huko. Kila mmiliki ana hisa katika paa hilo, lakini hakuna mwenye kipande chake. Hata anayeishi ghorofa ya juu kabisa, ambaye mara nyingi hudhani paa ni lake kwa kuwa liko juu ya kichwa chake, hana haki kubwa kuliko jirani wa chini. Msimamizi ni shirika la wamiliki, kupitia sheria zake ndogo. Kwa nyumba zilizojengwa safu moja, jibu hutegemea ramani ya mgawanyo iliyosajiliwa na masharti ya hati.

Sheria hiyo haitaji paneli za sola. Kimya hicho si marufuku, ingawa ni rahisi kwa kamati kukichukulia hivyo. Zipo hoja nzito za kukataa: tundu lililotobolewa vibaya huvujisha maji kwa jirani asiyehusika, na fremu isiyofungwa imara ni hatari wakati wa upepo. Hoja ya sura ya mtaa ni dhaifu zaidi, hasa pale ambapo paa hilo hilo limejaa matangi ya maji na madishi ya televisheni.

Jimbo la California nchini Marekani lilikabili suala hili mapema, kwa sheria ya mwaka 1978. Chama cha wamiliki huko kinaweza kuweka masharti, ila yasiongeze gharama kwa zaidi ya dola 1,000 wala kupunguza utendaji wa mtambo kwa zaidi ya asilimia 10. Tangu mwaka 2018, chama hakiwezi kumtaka mmiliki apigiwe kura na wenzake kabla ya kutumia paa la jengo analoishi. Hata hivyo, kinaweza kudai bima, pamoja na upimaji unaoonyesha namna eneo la paa linavyoweza kugawanywa kwa haki. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye funzo kwetu. Jua ni la wote, lakini paa la nyumba 40 haliwezi kubeba mitambo 40, na anayetangulia asimalize nafasi ya wengine.

Mashirika ya wamiliki yanayofanya mkutano mkuu yana nafasi ya kuandika utaratibu huo katika sheria ndogo kabla ya mgogoro wa kwanza. Yanaweza pia kufikiria mtambo mmoja wa shirika lenyewe kwa ajili ya pampu ya maji, lifti na taa za ngazi, gharama ambazo wakazi tayari wanazilipa pamoja kupitia ada ya huduma.

Mmiliki anayetaka kuendelea peke yake anashauriwa kupata idhini ya maandishi kabla ya kununua vifaa, na kutumia fundi mwenye leseni ya EPRA, kama kanuni za sola za mwaka 2012 zinavyotaka. Mzozo kuhusu ukiukaji wa sheria ndogo unaweza kupelekwa kwa kamati ya ndani ya usuluhishi, ambayo Sheria ya 2020 inaliruhusu shirika kuiunda.